Darasa la Mlango Uliofungwa

Asubuhi ile duka la fotokopi lilifurika walimu. Kila mmoja alishika karatasi zake, kila mmoja alidai ndiye wa kwanza, na mashine moja iliyokuwa nzima ilikoroma kwa hasira pembeni. Mafunzo ya walimu wa kisomo cha watu wazima yalikuwa yanaanza muda si mrefu, kwenye ukumbi wa mtaa wa pili, na hakuna aliyetaka kuingia mikono mitupu.

Kwenye foleni alikuwepo dada mmoja mwenye gauni la kijani lililomkaa vizuri kiunoni, amekumbatia boksi lililojaa pakiti tupu za dawa, tiketi za basi na vibandiko vya makopo. Nyuma yake alisimama kaka mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, manukato yake yanafika kabla yake.

"Samahani, dada yangu," kaka akasema. "Hizo takataka nazo unazitolea kopi?"

"Siyo takataka, ndiyo vitabu vyangu," dada akajibu bila kugeuka. "Mwanafunzi wangu ni mama mtu mzima. Anataka kujua hii dawa mtoto anywe mara ngapi. Wewe umeshika nini cha maana?" Akachungulia karatasi za mwenzake, akasoma kwa sauti. "'Paka amelala. Baba ana mpira.' Jamani! Mtu ana wajukuu, halafu umwambie paka amelala, ili iweje? Aliyeandika kitini hiki hajawahi kukutana na mtu mzima."

"Huenda amekutana naye leo."

"Kwani unamjua?"

"Namjua sana. Kila asubuhi mimi ndiye ninayemnyoa ndevu."

Dada akaziba mdomo kwa kiganja. Foleni nzima ikaangua kicheko, na kaka naye akacheka, jambo lililomwokoa. Yeye ndiye aliyekuwa mkufunzi wa mafunzo yale. Alipoingia ukumbini aliviweka vitini vyake chini ya meza, akamwita yule dada mbele na boksi lake, akamwambia, "Haya mwalimu, tufundishe na sisi." Akawafundisha, na siku nzima jicho la mkufunzi halikubanduka kwenye lile gauni la kijani.

Kuanzia hapo dada akambandika jina la Bwana Kitini. Yeye mwenyewe tayari alikuwa na lake, wanafunzi wake walimwita Mwalimu Taratibu, kwa sababu mtu akikwama kwenye neno hakumkatiza wala kumsaidia haraka, alimwambia tu, "Taratibu." Simu zikawa haziishi.

"Bwana Kitini, umekula?"

"Paka amelala, baba ana mpira, na mimi nina njaa."

"Njoo basi ule. Ila karatasi zako ziache huko huko."

"Na moyo wangu je, niuache?"

"Huo ulete, niusahihishe."

Hakuziacha karatasi, na hakuna aliyemlaumu. Walikaa sakafuni sebuleni kwa dada, wakikata kadi na kuandika herufi kubwa zisizowachosha watu wenye macho ya uzee. Kwa dada huyo Bwana Kitini alijifunza kuandika sentensi ambazo mtu mzima ana haja nazo. Usitie saini kabla hujasoma. Dirisha la dawa lipo kushoto. Vitini vyake vikawa vinagombewa, na kila alipovitazama alimwona dada ndani yake. Moyoni alikwisha kuamua kumwoa.

Ila lilikuwepo darasa la Taratibu, na darasa lile lilikuwa na sharti. Lilikutana alasiri kwenye shule ya msingi, watoto wakishaondoka. Wanafunzi wakishakaa kwenye yale madawati mafupi, magoti yamepanda kifuani, mwalimu alifunga mlango na kutandaza khanga dirishani. Wengi wao walikuja kwa siri. Mama mmoja aliaga nyumbani kwamba anakwenda kwaya. Fundi seremala aliaga kwamba anakwenda kupima mlango wa mteja, na kwa jinsi alivyopima milango mwaka ule, angekuwa ameshafunga mji mzima. Sharti lenyewe lilikuwa jepesi: asiyesoma haingii, na yanayofanyika ndani hayatoki.

Siku moja Bwana Kitini akaomba kuingia. "Nikuone tu unavyofundisha. Nitakaa nyuma, kimya."

Dada alijua jibu lake ni hapana. Lakini mpenzi akiomba kukutazama ukifanya kazi unayoiweza, ni nani asiyetaka kutazamwa? Akawaomba wanafunzi. Wakatazamana, wakakubali kwa heshima yake, na wa mwisho kuitikia alikuwa fundi seremala.

Bwana Kitini akakaa nyuma. Fundi aliposimama kusoma maneno ya ubaoni, akakwama, jasho likamtoka, na Taratibu akasimama kando yake amenyamaza, akimngoja kwa uso uliojaa imani. Fundi akalipata neno. Bwana Kitini, machozi yakimlengalenga, akatoa simu akarekodi. Hakumrekodi fundi, alimrekodi mpenzi wake. Angeulizwa siku ile kama ndani ya picha kuna mtu mwingine, angebabaika.

Siku ya kufunga mafunzo yale ya miezi kadhaa, akairusha video ile ukutani bila kumwambia mtu. "Kama mnataka kujua maana ya kusubiri," akatangaza kwa majivuno, "mtazameni mwalimu huyu." Uso wa fundi ukajaa ukuta mzima, midomo yake ikihangaika na silabi. Walimu wakapiga makofi. Taratibu akanyanyuka akatoka nje.

Bwana Kitini akamfuata koridoni, tabasamu limemjaa. "Aibu ya nini, mpenzi? Wote wamekusifia."

"Ifute."

"Usiwe hivyo bwana, umependeza sana mle..."

"Nimesema ifute! Umeitoa nje?"

Tabasamu likafa. "Wameniomba sasa hivi, wakipiga makofi. Nimeiweka kwenye kundi la walimu."

Dada akabana mkoba wake kwapani, akaondoka. Maji yakimwagika hayazoleki, na video ikiingia kwenye simu za walimu haina tofauti na maji.

Nyumbani kwa fundi seremala kulikuwa na desturi yao. Kila jioni baba alifungua gazeti akawasomea watoto habari, na watoto walikua wakizisubiri. Habari zote alizitunga yeye. Alitazama picha, akabuni, tena alibuni vizuri kuliko waandishi wenyewe. Alijiunga na darasa ili siku moja awasomee kweli, na wao wasijue kwamba kuna siku hakuweza. Siku hizi maneno yalikwisha kuanza kumfungukia moja moja. Kisha mwalimu mmoja, bila ubaya, akamtumia rafiki yake video, ikapita simu hadi simu mpaka ikamfikia binti mkubwa wa fundi, na swali juu yake. "Huyu si baba yako?" Jioni ile binti akamtazama baba yake na gazeti lake, akauliza kwa sauti ndogo, "Baba, kwani hujui kusoma?" Fundi akalikunja gazeti. Hakurudi darasani, na baada yake wakaacha kuja na wengine.

Bwana Kitini alipiga simu hadi akachoka, akaanza tena. Hatimaye ikapokelewa.

"Naomba unisikilize, mpenzi wangu."

"Usiniite hivyo leo. Fundi haji. Mama wa kwaya haji." Sauti ya dada ilikuwa kavu. "Fundi alibakiza kidogo tu. Kidogo tu angekuwa anasoma."

"Nifanye nini?"

"Sijui. Wewe ndiye mkufunzi."

Akaenda karakana kwa fundi. Alimkuta anapiga randa, maranda yamemjaa miguuni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ni yule wa nyuma na simu."

"Ndiyo mimi, baba. Nimekuja kuomba msamaha. Sikukusudia kukuaibisha, nilitaka watu wamwone mwalimu."

"Najua. Macho yako yalikuwa kwake tu, hata mimi nilikuona." Akapuliza vumbi la mbao. "Wanangu hawakunicheka, usidhani. Wamenionea huruma. Binti yangu sasa ananisomea mimi gazeti, anatamka neno moja moja kana kwamba mimi ndiye mtoto. Bora wangecheka."

"Rudi darasani, baba, nakuomba. Mimi sitakanyaga tena."

"Nirudi nikatafute nini? Nilikuwa nakimbilia mahali, wao wamefika kabla yangu." Akashika tena randa. "Nimekusamehe, kijana. Sasa sogea, umenizibia mwanga."

Majuto ni mjukuu, na siku ile Bwana Kitini alimpakata wake njia nzima ya kurudi. Alijua alichomnyang'anya mzee yule, tena alijua hakina duka. Hata hivyo alikuwa ameshika neno la msamaha, na mtu anayezama hushika chochote. Siku iliyofuata akavaa shati lake zuri, akaenda kumngoja Taratibu kwenye geti la shule, alasiri watoto walipokuwa wanamalizia kutoka.

Dada alikuja na boksi lake. Alikuwa amekonda kidogo, na kitambaa cha kichwani alikifunga bila kujitazama kwenye kioo.

"Fundi amenisamehe," kaka akasema, hata salamu akaisahau.

"Nimesikia. Nami nilikwenda kwake. Hakubali kurudi."

"Na wewe? Wewe umenisamehe?"

"Mimi nilikusamehe siku ile ile, kule koridoni. Ulidhani nilikuwa nakukasirikia wewe peke yako? Mlango niliufungua mimi. Nilitaka unione, nikasahau walionikabidhi nyuso zao."

"Basi nioe... nikuoe," akakosea kwa haraka, na kwa nukta moja wote wawili wakacheka, kicheko kile kile cha duka la fotokopi. Kikaisha. "Nilikuwa nimepanga niseme vizuri. Nikuoe, Taratibu. Tutaanza upya. Sitaingia darasani kwako maisha yangu yote."

Machozi yakamtoka dada, hakuyafuta. "Nilivyokuwa nalisubiri neno hilo, Mungu ndiye anajua."

"Lipokee basi."

"Unajua waliobaki wananiuliza nini kabla ya kukaa? 'Mwalimu, yule bwana yupo?' Kila siku. Nawaambia hayupo. Nikiwa mke wako nitawaambia nini? Kwamba yupo nyumbani, ananingoja nimsimulie?"

"Lakini unanipenda."

"Nakupenda. Nitakupenda hata nikizeeka." Akahamishia boksi mkono wa pili, sauti ikashuka. "Ila sasa ondoka, tafadhali. Watu wangu hawaingii ukiwa umesimama hapo."

Kaka akageuka. Ng'ambo ya barabara mama mmoja alikuwa anageuza nyanya za muuzaji, anaziweka, anazichukua tena, hanunui. Hatua chache kutoka kwake mwanamume mwenye mvi ameinama anafunga kamba ya kiatu iliyokwisha kufungwa. Binti aliyebeba mtoto mgongoni aliutazama ukuta mtupu kana kwamba una tangazo. Hakuna hata mmoja aliyeelekeza macho getini. Wote walikuwa wanamngojea yeye aondoke.

Akaondoka kwa kufuata ukuta wa shule, uso wake ameuinamisha wasije wakadhani anawatazama. Alipofika kwenye kona akawasikia nyuma yake wanavuka barabara, na sauti ya Taratibu ikiwakaribisha mmoja mmoja, "Karibuni, jamani. Ingieni. Hayupo."