Nionyeshe Panapouma

Fanueli alitumwa unga. Askari mzima, amerudi likizo na begi lake la kijani, anatumwa mashineni kama mtoto wa shule, na akaenda bila kunung'unika, maana kubaki nyumbani kulikuwa kubaya zaidi. Nyumbani walikuwa wakimtazama.

"Ukiitwa jina njiani, usiitike," mama yake alimkumbusha mlangoni. "Sisi tukikutafuta tutakuita kaka, tutakuita mwanangu. Jina, usiitike. Kile kitu hakina sauti yake. Kinaazima sauti unayoiogopa."

Kila mtu wa kijiji kile, huku milimani juu ya Mazinde, alikua akilijua hilo. Jioni ukungu ukishapanda, watu hawaitani majina. Fanueli alitikisa kichwa tu. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya mama.

Ilikuwa ya Mika.

Mika alikuwa akilala kitanda jirani na chake kambini. Aliacha kula. Akaacha kuongea. Usiku alikaa kitandani akiangalia ukuta mpaka kunakucha. Alipokwenda kwa sajenti kusema anaumwa, sajenti alimuuliza mbele ya watu, "Unaumwa wapi? Nionyeshe panapouma." Kikosi kizima kikacheka, na sajenti akacheka kuliko wote. Haikupita wiki, Mika akajiua. Kwao wakaambiwa ni malaria. Malaria! Malaria gani hiyo inayomkuta mtu amejifungia mlango kwa ndani?

Na sasa usingizi ulikuwa umemkimbia Fanueli vilevile. Chakula hakikupita. Mama alisema amerogwa, kuna jirani mwenye wivu na ajira yake, na mganga ameshatafutwa. Fanueli angemwambia nani? Ili aulizwe panapouma?

Alipotoka mashineni na mfuko wa unga begani, ukungu ulikuwa umeshashika njia. Mkono wa kushoto kabichi za watu. Mkono wa kulia mikaratusi, halafu jabali, halafu hakuna kitu mpaka chini kabisa, kwenye taa za Mombo.

Kwanza ilikuja harufu.

Kiwi. Kiwi ya viatu, mbichi, katikati ya msitu.

Halafu mguu... mguu... mguu... Buti. Fanueli alikuwa amevaa kandambili.

Akasimama. Buti nazo zikasimama.

"Mika," sauti iliita kutoka kwenye ukungu. Ilikuwa sauti ya sajenti, ileile, yenye mikwaruzo ya sigara.

"Nipo, afande," mtu akajibu, karibu kabisa na bega la Fanueli.

Nywele zikamsimama. Usiitike, alijiambia. Usiitike, usiitike...

"Fanueli."

"Nipo, afande!"

Ilimtoka. Askari akiitwa haulizi anaitwa na nani. Wamemfundisha kwa jua na kwa matope mpaka mdomo unatangulia akili. Visigino viligongana vyenyewe, mgongo ukanyooka, na mfuko ukaporomoka ukapasuka njiani.

"Mbele... tembea!"

Miguu ikaenda. Aliiambia isimame, haikumsikia. Ilikata kulia, ikapita juu ya unga, ikaingia kwenye mikaratusi, na buti zikaenda naye sambamba, huku na huku. Upepo wa bondeni ukampiga usoni. Upepo ule hauji njiani. Unakuja ukingoni tu.

"Kaka!"

Hiyo ilitoka nyuma, mbali. Zipora, mdogo wake. Alitaka kumwitikia, ulimi ukagoma.

Ndipo kile kitu kikacheka.

Kilicheka kicheko kilekile. Cha siku ile, mbele ya kikosi. Na hasira aliyokuwa ameimeza tangu walipomzika Mika ikapanda ikamjaa kifua, kubwa kuliko woga.

"Siendi!" alipiga kelele. "Naumwa! Unataka nikuonyeshe? Hapa! Na hapa! Kutwa kucha naumwa! Mika naye alikuwa anaumwa, mkamcheka mpaka akafa, halafu mkasema malaria! Siendi, afande! Siendi!"

Kicheko kikakatika.

Miguu ikawa yake. Alikaa chini palepale, mbele yake hewa tupu. Mwanga wa simu ukaja ukiruka kati ya miti, na Zipora akamdaka shati kwa mikono miwili.

"Ulikuwa unaongea na nani, kaka?" alinong'ona.

"Naumwa, Zipora. Nimechoka kuishi, na ninaogopa."

Zipora hakumuuliza wapi. Alimvuta taratibu mpaka njiani, hakuliachia lile shati. "Kesho asubuhi hospitali, mimi na wewe. Mama nitaongea naye mimi. Na kulala utalala chumba kimoja na sisi."

Asubuhi walipita palepale. Unga ulikuwa bado umetandaa, umelowa umande. Nyayo za kandambili zilionekana vizuri. Kila upande wake kulikuwa na nyayo za buti. Za kushoto zilikwenda ukingoni, zikaishia huko.

Za kulia ziligeuka. Zilielekea kijijini.

Zipora alizifuta kwa mguu, haraka.

Hospitalini Lushoto walikaa kwenye benchi la nje. Watu wengi, watoto wanalia, harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Fanueli alikuwa amejipanga jinsi ya kumwambia daktari, yote, hata ya Mika. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alihisi njaa. Alikuwa anataka kumwambia Zipora hivyo, alipoisikia ile harufu nyingine chini ya harufu ya dawa.

Kiwi.

"Fanueli," sauti iliita.

Mdomo ulishafunguka. Aliufunika kwa kiganja.

"Zipora," alinong'ona. "Umesikia na wewe?"

Zipora aliutazama mlango wa daktari. Ulikuwa umefungwa, na watu wote benchini wanaongea mambo yao.

"Nisikie nini, kaka?"

Fanueli aliushika mkono wa dada yake, akauma midomo, akangoja aitwe na mtu.