Hotuba Ambayo Ermes Hakuimaliza

Kila kiangazi, wakati wa sherehe ya chama, Ivonne alinuka mafuta ya kupikia mpaka kwenye nywele. Yeye na wenzake walikaanga mikate, wanaume wakachoma soseji, na kijiji kizima kikaja kula. Hakuna aliyelipwa. Kule Emilia, Italia, ukiwa komredi, unavaa aproni.

Jioni moja mumewe, Ermes, alipanda jukwaani. Ilikuwa imetimia miaka ishirini tangu afe Enrico Berlinguer, kiongozi wa Chama cha Kikomunisti. Ermes alimpenda kama kaka yake wa damu. Alisimulia jinsi mtu yule alivyotoka Sardinia, alivyochukia rushwa, alivyotetea demokrasia hata mbele ya wakubwa wa Moscow. Kisha simulizi yake ikafika mjini Padova, mwaka 1984, ambako kiongozi huyo alishikwa na kiharusi akihutubia.

"Hakushuka," Ermes alisema. "Ali... alimali..."

Watu wakapiga makofi. Wengine walifuta machozi. "Maskini, kalemewa na uchungu!"

Ivonne hakupiga makofi. Mdomo wa mumewe ulikuwa umeteremka upande mmoja.

"Loredana, mtazame Ermes!"

Loredana, jirani yao, alikuwa muuguzi. Aliacha mikate ikiungua, wakakimbilia jukwaani.

"Ermes, hebu tabasamu."

Upande mmoja tu ulicheka.

"Inua mikono yote miwili."

Wa kulia ukaanguka.

"Kiharusi hiki. Ivonne, ita ambulensi sasa hivi!"

"Niacheni," Ermes alisema, ulimi mzito. "Yeye... alimaliza."

"Na akafa!" Ivonne alifoka. Kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa, uwanja mzima ukasikia. "Tulimlilia nchi nzima. Wewe sitaki kukulilia, unanisikia? Shuka!"

"Kama Berlinguer angepona kwa kushuka mapema, hatujui," Loredana alisema kwa upole. "Lakini siku hizi ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Inafaa ukiwahi tu. Ukichelewa, ubongo unakufa."

Mtu akaleta maji na kidonge.

"Hapana!" Loredana alimzuia. "Asimeze kitu, atapaliwa."

Hospitalini daktari alisema wamewahi. Alisema pia kwamba presha ya Ermes ilikuwa juu kwa miaka mingi. Ermes hakuwahi kupima. Siku zote alijigamba, "Mimi chuma, bwana!"

Alirudi nyumbani na dawa za kila siku. Chumvi ikapunguzwa, sigara zikatupwa. Mkono ulichukua miezi kupata nguvu, na Ivonne alimhimiza kuufanyisha mazoezi hata alipolia kwa hasira.

Kiangazi kilichofuata, Loredana aliweka meza ya kupimia presha kando ya mikate. "Hujapima, huli!" alitania. Ermes akapanda tena jukwaani, akasema polepole, kila neno likasikika. Katikati akamgeukia mkewe.

"Nimechoka. Ivonne, njoo umalizie."

"Mimi? Na aproni hii?"

"Na hiyo hiyo!"

Ivonne alipanda, akijifuta mikono kwenye aproni. Hakuwa amewahi kuhutubia hata kuku. Akamwona mumewe amekaa chini, mzima, anatafuna mkate. Furaha ikamjaa, woga ukamtoka.

"Makomredi," alisema, "yule tuliyempoteza alituachia kazi ya kuhangaikia watu. Basi nianze na nyinyi. Nani hajapima presha? Werther, nakuona! Usijifiche nyuma ya mkeo!"

Uwanja ukaangua kicheko, na Werther akaenda kupanga foleni.