Mayai Yaliyovaa Helmeti

Tuanze kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyekiumba kichwa, akakitia macho ya kuonea na masikio ya kusikilizia. Yafungueni masikio hayo, wanangu. Sogeeni karibu.

Hadithi hii ni ya Mize binti Hamadi bin Kombo. Asili yake ni Pemba, kisiwa cha vilima na karafuu. Na mayai tutakayoyataja, asili yake ni kuku mweusi wa mama yake.

Idi Kubwa ilikuwa karibu. Mama akamwita Mize.
"Mpelekee bibi yako mayai haya. Atatuokea mkate wa mayai."

"Peke yangu, mama?"
"Peke yako. Umeshakua."

Mize kaduwaa.
Kinywa wazi, macho kodo.
Hajapata kutumwa peke yake na baiskeli.

"Vaa helmeti yako," alisema mama, "na uende polepole. Barabara haina godoro."
"Naam, mama."

Mize akayatia mayai katika kikapu cha waya, mbele ya baiskeli. Akaivaa helmeti juu ya mtandio wake. Akaufunga mkanda kidevuni. Ta. Akapanda.

Kriii, kriii, yaenda baiskeli.
Polepole, Mize. Barabara haina godoro.

Lakini njia ilikuwa na mawe. Kikapu kikatikisika, kwara, kwara. Mayai yakagongana, ko, ko, ko.

Mize akasimama, akachungulia. Yai moja lilikuwa na ufa, mwembamba kama unywele.

Mize kaduwaa.
Kinywa wazi, macho kodo.

"Yakivunjika haya," akawaza, "bibi atapikia nini? Idi gani hiyo, isiyo na mkate wa mayai?"

Akatafuta majani ya mgomba. Hakuyaona. Akatafuta kitambaa. Hakuwa nacho. Akaigusa helmeti. Ndani ilikuwa laini kama mto.

Helmeti ni moja. Kichwa ni kimoja. Mayai ni mengi. Nani aivae?

Mize akafikiri. Akafikiri tena.
"Yai halina mifupa," akasema. "Kichwa changu kina mifupa, na nywele, na mtandio. Basi vaeni nyinyi, mayai."

Akaivua. Akayalaza mayai ndani yake, moja baada ya moja. Akaufunga mkanda juu yao. Ta.

Kriii, kriii, yaenda baiskeli.
Kikapuni kimya. Hapana kwara, hapana ko.

Mize akafurahi. Akaongeza mwendo. Neno la mama likabaki nyuma, penye mawe.

Kisha ukaja mteremko.

Chini ya mteremko alikaa Bi Salha, jirani wa bibi. Alikuwa ameanika karafuu zake juu ya jamvi, kando ya barabara, naye akizigeuza juani. Na Pemba, wanangu, hapana mtoto akanyagaye karafuu za mtu. Hizo ni jasho la watu.

Baiskeli ikashuka, vuuu. Ikayumba. Ikaelekea jamvini.

"Si karafuu," akawaza Mize. "Popote, lakini si karafuu." Akaukata usukani.

Pu.

Pakawa kimya. Gurudumu likazunguka peke yake. Tik, tik, tik.

Bi Salha akaja mbio, kanga ikiburura chini.
"La haula. Si Mize huyu? Mize, wanisikia?"

Mize akafumbua macho.
"Mayai yangu, Bi Salha. Niangalizie mayai yangu."

Bi Salha akaitazama helmeti. Mayai yamelala ndani, yametulia. Hata lile lenye ufa halikumwagika.

Kisha akakitazama kichwa cha Mize. Nundu ilikuwa ikiinuka kwenye paji la uso, kubwa kama ndimu.

Bi Salha naye kaduwaa.
Kinywa wazi, macho kodo.

"Mayai yamevaa helmeti," akasema taratibu. "Mwana kaja kichwa wazi."

Mize akaigusa nundu. Kidole kikarudi na tone la damu. Hapo ndipo alipolia.

Bi Salha akamshika mkono, wakaenda kwa bibi kwa miguu.

"Shikamoo, bibi," alisema Mize kwa kwikwi. "Mayai hayakuvunjika."

Bibi hakuyatazama mayai. Bibi, ambaye hakosi neno, siku hiyo neno lilimkosa. Akaketi barazani.

Akampeleka kwa daktari. Daktari akammulika macho, la kulia na la kushoto.
"Ni nundu tu, alhamdulillahi," akasema. "Apumzike. Asipande baiskeli mpaka nimwone tena."

Jioni, bibi akamlaza Mize mapajani. Sasa neno likamjia.

"Mize, mayai yakivunjika, kuku atataga mengine."
"Naam, bibi."
"Na kichwa chako kikivunjika, kuku gani atakitaga?"

Mize akamfikiria kuku mweusi. Akawafikiria majogoo na matetea. Akawafikiria kuku wote wa Pemba. Hapana hata mmoja.

Mize kaduwaa.
Kinywa wazi, macho kodo.

Mama akapelekewa habari, na Mize akakaa kwa bibi mpaka nundu ikanywea, na daktari akasema, "Sasa panda."

Mkesha wa Idi, bibi akauoka mkate. Ukanukia iliki nyumba nzima. Akaufunga kwa kitambaa cheupe, akauweka kikapuni.

Mize akautazama mkate. Ulikuwa laini, na njia ina mawe. Akaitazama helmeti. Bibi alisimama mlangoni. Akangoja.

Mize akaichukua helmeti kwa mikono miwili.

Akaivaa. Ta.

Kriii, kriii, yaenda baiskeli.
"Polepole, Mize," akajiambia mwenyewe. "Barabara haina godoro."

Bi Salha akamwona kwa mbali.
"Leo kavaa nani?"
"Nimevaa mimi, Bi Salha."
"Na mkate je?"
"Mkate unasoma dua."

Bi Salha akacheka mpaka akakaa juu ya karafuu zake mwenyewe.

Kwara, kwara, kikapu. Mpaka nyumbani.

Mama akakifungua kitambaa. Akaduwaa yeye sasa. Kinywa wazi, macho kodo.
"Mize, mkate umebonyea. Tazama upande huu."

Mize akaivua helmeti. Akainama mbele ya mama yake.
"Na kichwa, mama? Kipapase."

Mama akakipapasa mbele. Akakipapasa nyuma. Akakibusu katikati.
"Kichwa kizima, mwanangu."
"Basi tuule mkate," alisema Mize, "tuanzie pale palipobonyea."

Wakaula. Ulikuwa mtamu pande zote.

Usiku ukaingia. Mize akakiweka kichwa chake juu ya mto, polepole, kama mtu awekaye kitu cha thamani. Akalala.

Nanyi mliosikiliza, wadogo na wakubwa: Mola avihifadhi vichwa vyenu na vyote vilivyomo. Awalaze kwa amani, awaamshe kwa afya, na kila muendako awarejeshe wazima kwa wanaowangoja. Amina.