Pumzi ya Pili

Kihisi kilichokuwa chini ya godoro la Gloriose kilihesabu watu wawili, na kitandani alilala mtoto mmoja.

Norbert alidhani ni kosa la waya. Alikuwa mtafiti mjini Baraka, akiifundisha kompyuta kutambua homa ya mapafu kwa mwendo wa pumzi, na usingizi wa mchana wa binti yake wa miaka sita ulimpa vipimo vya kulinganisha na vya wagonjwa. Alibadilisha waya. Mstari wa pili wa pumzi ukabaki palepale kwenye kioo cha kompyuta: pumzi mbili fupi, moja ndefu. Aliufahamu. Ndivyo Aline, mkewe, alivyopumua wiki yake ya mwisho, na rekodi zake ndizo zilizokuwa somo la kwanza la kompyuta ile.

Hakumwambia mtu. Kila adhuhuri alimlaza mtoto, akaketi kuutazama mstari wa pili. Chumba kilianza kunuka dawa ya kuchua aliyokuwa akimpaka Aline kifuani. Gloriose alikonda.

Hapo ndipo Norbert alipomweleza Mama Fébronie, aliyeongoza chumba cha maombi, naye akaja akasimama mlangoni bila kuingia.

"Baba Gloriose, ile hapana bibi yako," alinong'ona. "Iko inavaa pumzi yake sawa kikwembe. We ndiye unaifungulia mulango. Futa yote, ao itamumaliza mutoto."

Norbert aliuliza kama angeweza kubakiza rekodi moja.

"Nimesema yote."

Alifuta rekodi zote za Aline, mia mbili na kumi na moja, mbele ya macho ya Mama Fébronie. Lakini mtafiti hafuti kitu bila nakala, na sekunde arobaini za Aline zilikuwa tayari kwenye flashi, mfukoni mwa shati. Mama Fébronie aliomba mpaka harufu ikatoweka.

Kesho yake adhuhuri Norbert alimlaza Gloriose, akafungua kompyuta, akaona mstari mmoja tu, akamshukuru Mungu, akaendelea kuutazama ukipanda na kushuka mpaka macho yakaanza kuhesabu yenyewe, mbili fupi, moja ndefu, mbili fupi, moja ndefu, na ile harufu ikamjia tena, nzito na ya karibu, naye akaelewa kwamba mstari uliotoweka ulikuwa wa mtoto.

Gloriose alikuwa ameketi kitandani, akimtazama. Hakuwahi kumwita baba yake kwa jina.

"Norbe," alisema taratibu, "aksanti kwa ile moya ulibakisha."