Fungu la Msafiri

Katika nyumba ya Dieudonnée, msafiri haondoki mikono mitupu. Hata chakula kikiwa kidogo, fungu lake hutengwa kwanza. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na ndivyo wafanyavyo majirani wote wa kijiji chao, karibu na Wamaza.

Mume wake, Michel, huchimba dhahabu Salamabila. Kila anaporudi kazini, Dieudonnée humjazia mfuko: kwanga, yaani mkate wa muhogo uliofungwa kwa majani, karanga za kukaanga, chumvi na chupa ndogo ya mawese. Michel hulalamika kwamba mfuko ni mzito. Lakini hajawahi kuacha kitu nyumbani.

Mwanzoni mwa mvua, mtoto wao Plamedi alishikwa na homa. Plamedi ni msichana wa miaka minne, mwenye maneno mengi kuliko meno. Siku hiyo hakusema neno. Dieudonnée alimbeba mgongoni hadi kituo cha afya. Muuguzi alimpima damu, akakuta malaria, akampa vidonge.

"Asubuhi na jioni, siku tatu," alisema muuguzi. "Hata homa ikiisha, mumalize yote."

Siku ya pili Plamedi alikuwa akifukuza kuku uani. Homa haikuwapo tena. Jioni hiyo Michel alikuwa akifunga mfuko wake. Dieudonnée akavitazama vidonge vilivyobaki. Mtoto mzima, dawa ya nini tena? Na kule machimboni mashimo yamejaa maji, na mbu hawana haya.

"Papa Plamedi, beba na hii," alisema. "Homa ikikushika kule, utameza."

"Aksanti, mama," alijibu Michel. Akavitia mfukoni pamoja na karanga.

Dieudonnée alilala na moyo mweupe. Alijiona amemtendea kila mtu wema, na kweli nia yake ilikuwa njema.

Mwezi haukuisha, homa ikarudi. Plamedi alitetemeka chini ya vitenge viwili. Jirani yao, mama Safi, alikuja kumwangalia, akatikisa kichwa.

"Ile dawa ya kituo imekufa," alisema. "Mikrobe imeizoea. Kuko kijana mwenye pikipiki, anatokaka Salamabila na vidonge ya nguvu. Tumuite."

Dieudonnée alivijua vidonge hivyo. Havina boksi, havina jina, vimeviringishwa katika kipande cha karatasi. Aliviogopa. Lakini je, kama kweli dawa ya kituo imekufa? Mtoto akachomwa na homa mikononi mwake, naye hakujua amkimbilie nani.

"Niende kwanza kituo," alisema mwishowe. "Wanasema docteri mwanamuke wa Kasongo amefika tena."

Mwanamke huyo aliitwa Mounira, mtoto wa wenye duka wa Kasongo. Kazi yake ilikuwa kuchunguza vimelea, yaani vile vijidudu vidogo sana vya malaria ambavyo mbu huviingiza katika damu, na ambavyo watu wa huku huviita mikrobe. Alitaka kujua jambo moja: dawa bado inaviua, au imeanza kushindwa? Alikuja kwa pikipiki, na hadubini yake ndani ya sanduku, imefungwa kwa kanga ya mama yake. Watu wengine walinong'ona kwamba anachukua damu aende kuiuza.

"Tone moja?" Mounira aliwajibu akicheka. "Hata mbu hashibi."

Alimchoma Plamedi kidole kidogo. Tone moja alilipaka kwenye kioo, jingine alilidondosha kwenye karatasi nyeupe ili likauke. Karatasi hiyo ingekwenda labo, ile maabara kubwa, ichunguzwe zaidi. Kioo alikitia rangi, wakasubiri, kisha akainama kwenye hadubini.

"Mikrobe iko," alisema. Hakuwa akicheka tena. "Mama Plamedi, ile vidonge ya kwanza, mutoto alimeza yote?"

"Ndiyo, docteri. Yote."

Maneno yalimtoka kabla hajafikiri. Nani apendaye kuonekana mama mzembe?

Mounira akakaa chini. "Basi ni habari mubaya. Watoto wote wa huku niliowafuatilia, waliomaliza dawa walipona. Huyu ni wa kwanza. Kama alimeza yote na mikrobe haikufa, labda mikrobe imeanza kuishinda dawa. Itabidi tuogope juu ya watoto wote wa huku."

"Na huyu wangu?"

"Huyu nitamupeleka Kasongo, tujaribu dawa ingine."

Dieudonnée alifikiria njia ya Kasongo, matope na pikipiki, na mtoto anayewaka. Alifikiria pia watoto wa majirani. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Machozi yakamlengalenga.

"Docteri, nilikudanganya. Hakumaliza. Ile ingine ilienda na baba yake Salamabila. Kwetu, mutu akisafiri, tunamugawiaka."

Alingoja kukaripiwa. Badala yake Mounira alishusha pumzi ndefu, kisha akatabasamu.

"Mama, umeniponyesha mimi kwanza, mutoto atafuata. Kumbe labda dawa haijashindwa," alisema. "Kuja uone."

Dieudonnée aliinama, akafumba jicho moja. Katika mwanga aliona vitu vidogo vya zambarau, kama pete.

"Ile pete ndiyo mikrobe," alisema Mounira. "Unalimaka muhogo?"

"Ndiyo, nalimaka."

"Ukipalilia nusu ya shamba, ukaenda kulala, majani inafanya nini?"

"Inarudia. Na inarudia na nguvu."

"Ni vile vile. Vidonge ya kwanza inaua mikrobe mingi, homa inashuka, mutoto anacheza. Lakini ingine inabakia kwa damu, hauioni. Vidonge ya mwisho ndiyo inaimaliza. Ukiiacha, inarudia. Na mikrobe inayoonja dawa kidogo kidogo, siku ingine itaizoea kweli."

"Na baba yake, akimeza ile?"

"Ile inapimwa kwa uzito wa mutoto. Haitamuponyesha, itamudanganya tu. Chakula tunagawanya, mama. Dawa ni ya mwili moja."

Mounira akatoa dawa ileile ya kituo, ya siku tatu. Plamedi alikula uji wenye karanga kwanza, kwa sababu dawa hii hufanya kazi vizuri zaidi ikiandamana na mafuta kidogo. Kisha akameza kidonge mbele yao.

"Akikitapika, urudi nimupe kingine," alisema Mounira. "Na akishindwa kunywa, ao akishikwa na degedege, ukuje mbio, hata usiku."

Safari hii Plamedi alimaliza vyote, ingawa siku ya pili alikuwa tayari anafukuza kuku. Mounira alipompima tena baadaye, pete hazikuonekana. Karatasi nayo ilileta jibu jema kutoka labo: vimelea vya Plamedi havikuwa na alama ya kuishinda dawa. Dawa ya kituo haikuwa imekufa. Mama Safi aliposikia, alishukuru Mungu, akaacha kumtafuta kijana wa pikipiki.

Michel aliporudi, mke wake alimwuliza habari za vile vidonge.

"Nilimugawia Yves kimoja, mwenzangu wa machimboni," alisema Michel. "Alikuwa na homa, mimi vilevile. Hakuna aliyepona. Tuliishia hospitali sisi wawili."

Dieudonnée alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akamweleza habari ya shamba lililopaliliwa nusu.

Siku ya kuondoka, mfuko ulijazwa kama kawaida. Michel akanyoosha mkono kwenye boksi la dawa.

"Papa, haina kitu," alisema Plamedi. "Nilimeza yote. Wewe ukigonjwa, wakuchome kidole yako."

Dieudonnée akaleta chandarua walichopewa kituoni, akakikunja, akakisukuma ndani, juu ya kwanga. Michel akajitwika mfuko, akaguna.

"Leo ni muzito kabisa."

"Basi acha kitu moja," alisema mke wake.

Michel akautazama mfuko, akamtazama mtoto wake mzima aliyesimama mlangoni. Hakuacha kitu.