Nazi Iliyopigwa Teke

Felicitas alikuwa akimenya ndizi nje ya jiko lake, kijijini Kaagya. Mumewe, Datius, alikuwa akigeuza kahawa kwenye mkeka kabla jua halijazama. Binti yao mkubwa, Kokuhirwa, alikaa kizingitini akiandika andalio la somo la kesho. Ulikuwa mwaka 1978, na kila kitu kilikuwa kimetulia.

Mara Clotilda, mdogo wake Kokuhirwa, alikuja mbio kutoka barabarani. Alikuwa na miaka minane, na alikuwa darasa la kwanza.

"Mama, wavulana wamepoteza nazi yao," alisema. "Imeingia kwenye kahawa yetu."

Felicitas aliweka kisu chini. Aliuliza nazi imetoka wapi hapa Kaagya. Yeye mwenyewe alikuwa ameona nazi mara moja tu, sokoni Bukoba.

"Ni ile wanayoipiga teke," Clotilda alisema.

Datius aliinama chini ya mibuni. Akatoa mpira wa majani makavu ya mgomba, uliofungwa kwa kamba za mgomba. Alimwonyesha Clotilda, akamuuliza kama ndiyo nazi yenyewe. Clotilda akasema ndiyo, na hata ukutani darasani ipo.

Datius alicheka mpaka akakaa chini. Kokuhirwa hakucheka. Chati ya ukutani ilikuwa yake.

Kokuhirwa alikuwa mwalimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Wakati ule serikali ilitaka kila mtoto aende shule, na walimu walikuwa hawatoshi. Basi vijana waliomaliza darasa la saba walichaguliwa. Asubuhi walifundisha. Alasiri kadhaa kila wiki walijifunza ualimu kwa mwalimu mkufunzi. Kokuhirwa alipewa darasa la kwanza lenye watoto sitini na wanane. Alipewa ubao uliochakaa, boksi la chaki, na chati moja ya herufi iliyochapwa Dar es Salaam. Kwenye herufi N palikuwa na picha ya nazi. Ilikuwa ya mviringo, ya kahawia, yenye nyuzinyuzi. Ukweli usemwe, ilifanana sana na mpira wa majani ya mgomba.

Kila asubuhi watoto waliiimba chati ile kutoka juu mpaka chini. Waliimba vizuri. Mwalimu Mkuu, Rutashobya, aliwasikia kutoka ofisini na akawasifu.

Jioni ile Kokuhirwa alichukua kijiti. Akaandika chini kwenye vumbi: nazi. Akamwita Clotilda asome.

Clotilda aliangalia maandishi. Akaangalia pembeni, kisha akazunguka upande wa pili.

"Picha iko wapi?" aliuliza.

Datius aliacha kucheka. Alimtazama binti yake mkubwa kwa huruma, lakini neno alilosema lilikuwa kali. "Mwalimu, watoto hawa unawafundisha kusoma au kuimba?"

Ijumaa ya wiki iliyofuata mkaguzi wa elimu angekuja kumtazama Kokuhirwa akifundisha. Akishindwa, angeondolewa darasani, na mwingine angewekwa mahali pake. Kokuhirwa hakutaka kazi nyingine yoyote. Aliogopa hata akaacha chakula chake.

Asubuhi iliyofuata, siku ya Jumatano, alifanya jaribio. Alifunika picha zote kwa daftari, akaonyesha maneno peke yake, bila kufuata mpangilio. Watoto watano tu walijaribu kusoma. Wengine walianza wimbo tangu mwanzo, wakihesabu kwa vidole mpaka wafike mahali anapoonyesha. Walikuwa na akili, hakuna aliyebisha. Lakini kusoma walikuwa hawajui.

Mimi ninayeandika haya nimefundisha walimu wapya miaka mingi. Nawaambia, kosa hili si la wajinga. Linawapata walimu wenye bidii na watoto wenye sauti nzuri.

Alasiri ile Kokuhirwa alikwenda kwa jirani yao, Mwalimu Ephrasia. Mama huyu alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka ishirini kule Muleba, na sasa alikuwa amestaafu. Kokuhirwa alimwamkia kwa kupiga goti, kisha akamweleza kila kitu bila kuficha. Alipofika kwenye nazi, Ephrasia alianza kutabasamu.

"Mimi yangu ilikuwa treni," alisema. "Mwaka mzima watoto wa Muleba walinisomea treni kwa picha. Siku moja jongoo akapita darasani, wote wakasimama wakasema, 'Mwalimu, treni.' Kaa, mwanangu. Usilie bado."

Kokuhirwa alisema hana vifaa. Chati ni hiyo moja tu, na shule haina nyingine.

Ephrasia akamuuliza nyumbani kwao kuna nini. Kokuhirwa hakuelewa swali. Ephrasia akaanza kumtajia mwenyewe. Kuna kuku. Kuna kiti. Kuna kata ya kuchotea maji. Dukani kuna maboksi ya sabuni yanayotupwa. Jikoni kuna mkaa.

"Hivyo ndivyo vifaa," alisema. "Mtoto aanze na kitu anachokijua kwa mikono yake. Halafu mpe neno la kitu hicho. Halafu likate neno vipande mbele ya macho yake. Kisha mwachie vipande, ajenge neno jingine. Akijenga neno ambalo hukumpa, ujue anasoma."

Walichagua silabi sita: ka, ki, ku, ta, ti, tu. Ephrasia aliziandika kwenye mchanga, akazipanga na kuzipangua. Zikatoka kuku, kaka, kiti, kata, kitu, kuta, kati na tatu. Kokuhirwa alishangaa kuona maneno mengi hivyo yanatoka kwenye silabi sita. Ephrasia alimwambia aandike kila silabi kwenye kadi mbili, kwa sababu neno kama kuku linahitaji ku mara mbili. Alimwonyesha pia namna ya kutengeneza wino. Unasaga mkaa uwe unga laini. Unauchuja kwa kitambaa. Unauchanganya na uji mwepesi wa muhogo ili ushike kwenye boksi. Kalamu ni tete lililochongwa ncha pana, ili herufi zionekane kutoka nyuma ya darasa.

Kokuhirwa aliuliza kama siku zilizobaki zinatosha. Zilibaki siku sita za shule.

"Hazitoshi kwa wote," Ephrasia alisema. "Sitakudanganya."

Kokuhirwa alirudi nyumbani na hofu yake, lakini sasa alikuwa na kazi ya kufanya. Datius alikata boksi la sabuni kwa panga, kadi kumi na mbili kubwa kama sahani. Felicitas alisaga mkaa mpaka pua yake ikawa nyeusi. Jumamosi Datius alikwenda shuleni na wino uliobaki, akaupaka ule ubao uliochakaa mara mbili. Ulipokauka, chaki ikaonekana vizuri tena. Alisema ni haki yake kupaka, maana ndiye aliyecheka.

Darasani mambo hayakwenda rahisi. Alhamisi Kokuhirwa alikuja na kuku wa mama yake, amemfunga mguu. Watoto walifurahi kupita kiasi. Kuku akaruka juu ya dawati, na nusu saa ikapotea. Lakini neno kuku waliliona ubaoni wakati kuku mwenyewe analia mbele yao, na hakuna aliyeuliza picha iko wapi. Kisha Kokuhirwa alilikata neno. Ku. Ku. Watoto wawili walisimama mbele, kila mmoja ameshika kadi kifuani. Wakisogeleana, neno linakuwepo. Wakiachana, halipo.

Siku iliyofuata alileta kiti na kata. Kwa hesabu alitumia vijiti, akivifunga kumi kumi kwa kamba ya mgomba. Alimwaga mchanga kwenye sinia kuukuu, watoto wakaandika kwa kidole na kufuta bila kumaliza chaki. Kila asubuhi alichanganya kadi kabla ya kuanza, ili asiwepo wa kukariri mpangilio.

Jumatatu karibu nusu ya darasa walichanganya ti na tu. Jumanne hali ilikuwa ileile. Kokuhirwa alianza kuhesabu saa. Kila alipofunga macho alimwona mkaguzi anatikisa kichwa.

Jumatano Mwalimu Mkuu aliingia. Alikuta watoto wamekaa sakafuni kwa makundi, wanabishana juu ya kadi, na kelele imejaa. Alimwita Kokuhirwa nje. Alikuwa mtu mwema, na yeye pia alikuwa na hofu yake. Alisema mkaguzi hakai darasani zaidi ya dakika ishirini. Chati ingetosha. Watoto waimbe, mkaguzi afurahi, kila mtu aende nyumbani kwa amani. Hizi kadi angeziendeleza baadaye.

Kokuhirwa alikubali kwa kichwa. Njia nzima ya kurudi nyumbani aliona kwamba Mwalimu Mkuu alisema kweli. Kuimba watoto waliweza, na wasingekosea hata neno moja. Kwa kadi wangekosea, tena mbele ya mkaguzi. Alimweleza mama yake. Felicitas alisema kwamba yeye hajui mambo ya shule, ila angependa Clotilda ajue kusoma barua.

Ijumaa asubuhi Kokuhirwa alifika shuleni mapema. Alisimama mbele ya chati. Kisha aliigeuza, picha zikatazama ukuta.

Mkaguzi aliingia saa tatu. Alikuwa mtu wa Iringa, mrefu, mwenye kitabu cheusi kwapani. Rutashobya aliingia nyuma yake. Alipoiona chati imegeuzwa, alimtazama Kokuhirwa, kisha akatazama chini.

Kokuhirwa alifundisha. Watoto walisoma kuku, wakasoma kiti. Mmoja alisoma kata akasema kaka, wengine wakasoma kitu wakasema kiti. Mwingine alisimama na kadi juu chini. Mkaguzi aliandika kitu kitabuni. Kokuhirwa alitaka sana kujua ameandika nini, na pia hakutaka.

Kisha mkaguzi alikuja mbele. Alizichukua kadi zote kumi na mbili, akazichanganya kama karata, akazitandaza juu ya meza. Akamwonyesha kwa kidole mtoto wa safu ya tatu. Alikuwa Clotilda. Mkaguzi hakujua kuwa ni mdogo wake mwalimu.

"Njoo unitengenezee neno," alisema. "Lolote."

Clotilda alizitazama kadi. Alichukua moja, akairudisha. Kokuhirwa aliomba moyoni achague kuku. Clotilda alichukua ta. Akatafuta, akachukua ta nyingine. Akaziweka pamoja.

"Tata," alisoma.

Watoto wachache walicheka, wakaziba midomo. Rutashobya alikohoa. Neno lile lilikuwa la Kihaya, na Kihaya darasani kilikatazwa. Kokuhirwa aliona kazi yake imekwisha.

"Tata ndiyo nini?" mkaguzi aliuliza. "Ni utata?"

"Ni baba, Ndugu Mkaguzi," Kokuhirwa alisema. "Kwa Kihaya. Naomba radhi. Sikumfundisha neno hilo."

"Hukumfundisha kabisa?"

"Kabisa. Kihaya hatukiandiki hapa."

Mkaguzi alimwinamia Clotilda. Alimuuliza kwa nini amechagua neno hilo, na maneno ya Kiswahili yapo tele.

Clotilda alifikiri. "Nyumbani tunalisema tu," alijibu. "Nilitaka kuona kama linaandikika."

Mkaguzi alizitazama zile kadi mbili za boksi la sabuni. Kisha akamgeukia Rutashobya. Alisema kwamba mwaka ule amepita shule nyingi, na watoto wengi wamemwimbia. "Huyu amesoma neno ambalo hakuna aliyempa. Mwalimu huyu msimwondoe." Akageuka tena, akamwambia Kokuhirwa kwamba darasani aendelee na Kiswahili, na kwamba wale wanaochanganya ti na tu wanahitaji wiki mbili zaidi.

Alipotoka, Kokuhirwa alikaa kwenye kile kiti alichokileta kwa ajili ya somo. Alilia mbele ya watoto wote, wala hakuona aibu. Clotilda alirudi mahali pake akiwa bado ameshika kadi.

Wiki iliyofuata mwalimu mkufunzi alileta walimu vijana wengine wa UPE waone kadi na kunakili namna ya kutengeneza wino. Kokuhirwa alimwita Ephrasia, naye akawaeleza. Baada ya wiki tatu, watoto hamsini na wawili kati ya wale sitini na wanane walisoma maneno yote ya kadi, yakiwa yamechanganywa. Waliobaki aliwafundisha kwa kundi dogo, baada ya wengine kwenda nyumbani.

Lakini shida mpya ilianza tangu Jumatatu ya kwanza baada ya mkaguzi kuondoka. Watoto walimzunguka mlangoni, kila mmoja ana lake. Huyu alitaka kuandika mama, na kadi ya ma haikuwepo. Huyu alitaka mbuzi. Huyu alitaka jina lake, na jina lake lilikuwa Kokwijuka, refu kama nini. Kokuhirwa aliwasikiliza wote. Kisha akamtuma Clotilda nyumbani kumwambia baba yao apite madukani Rwamishenye, aombe maboksi.