Hakukaa Mkekani

"We kaka! Unadhani sisi tumepanga foleni kwa kupenda jua?"

Mwanamume mwenye shati jeupe la mikono mirefu alizidi kukaza mwendo. Alimpita Tatu, akampita mama mwenye kikapu cha ming'oko, vile viazi vya porini, akajitosa kwenye choo cha kulipia cha sokoni na kubamiza mlango. Tatu, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, alimsubiri nje ampasue.

Alitoka kalowa jasho. "Dada, nisamehe. Tumbo halijui foleni."

Tatu akajikuta anacheka. "Na hilo shati? Kola inatazama njia ya Naliendele, mabega yanatazama ya Shangani!"

"Basi nirekebishie."

Kola ikarekebishwa, mengine yakafuata. Mustafa, mwalimu wa hesabu, alikuwa na maneno matamu na mwendo wa taratibu.

"Umekula, laazizi?" Tatu alimuuliza kwenye simu.

"Nimekula sauti yako. Njaa imezidi."

Akiulizwa mbona anachechemea, alijibu, "Mpira." Kila mara mpira. Tatu hakuwahi kuuona huo mpira.

Siku ya kujitambulisha ikafika. Kijijini Ziwani, Mzee Athumani, baba yake Tatu, alitandika mkeka mpya, wajomba wakauzunguka, sinia la wali na kuku likawekwa katikati. Tatu alichungulia nyuma ya pazia, ndani ya gauni la kitenge alilolishona kwa ajili ya siku hiyo.

"Karibu mwanangu, kaa."

Mustafa aliutazama mkeka kama mtu anayetazama kisima. Hakukaa. "Mzee, naomba kiti."

Wajomba wakatazamana. Hajapewa mke, anataka kukaa juu ya vichwa vya wanaompa! Kisha Mustafa akashika tumbo, akageuka, akatoka bila kuaga. Pikipiki ikanguruma.

"Mwalimu wako ametuona wachafu," alisema Mzee Athumani. "Sinia letu limemtia kinyaa. Na mkeka wetu una upupu?"

Tatu alimpigia Mustafa simu. "Umenivua nguo mbele ya baba yangu!"

"Mpenzi, nisikilize..."

"Mpenzi wa nani? Kamtafute anayekaa kwenye kiti cha enzi!" Akakata.

Wiki ile alivunja sindano nyingi. Mwishowe akabeba suruali ya Mustafa aliyokuwa amemfupishia, akaenda kwake Shangani kumtupia usoni.

Alimkuta kitandani. Goti limevimba kama nazi, kifundo cha mguu kinang'aa kwa uvimbe. Mezani palikuwa na vidonge vya diklofenaki vya kutuliza maumivu.

"Huo ndio mpira?"

Mustafa alifumba macho. "Ni utumbo, Tatu. Miaka mingi una vidonda. Ukichafuka, viungo navyo vinavimba. Siku ile nilimeza dawa za maumivu ili nikunje magoti kwa baba yako. Daktari alishanikataza, akasema zinaweza kuuchokoza utumbo. Magoti yakagoma, na tumbo likaniumbua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niseme mchumba wako anaharisha damu? Kwa ulimi wako huo? Ungenicheka."

Suruali ikamtua kifuani. "Nikucheke! Nimekuokota mlangoni mwa choo, Mustafa! Ulidhani nilikupendea manukato? Baba amenitukania mchumba, nami nikakutukana, wewe umelala hapa na siri yako! Sijalikasirikia goti. Nimekukasirikia wewe!"

"Utaniacha?"

"Nitakuacha ukinitajia mpira tena. Jumatatu tunaenda kwa daktari wako, na mimi naingia ndani."

Wakaenda. Dawa zikabadilishwa, uvimbe ukapungua, haukuisha.

Siku waliyorudi Ziwani, Tatu alitangulia. Mzee Athumani akatoka chumbani, akakuta viti vya plastiki vimezunguka sebule nzima.

"Mkeka wangu uko wapi?"

"Nimeukunja, baba. Mkeka unakunjika, magoti ya mume wangu hayakunjiki. Anaumwa tumbo, na viungo vinaumwa nalo. Hakukudharau. Alimeza dawa zenye kumdhuru ili akae na wewe chini."

"Mume? Nani amekuoza?"

"Wewe, baba. Ukishakaa."

Mzee alikitazama kiti. Akamtazama Mustafa, aliyesimama mlangoni akiegemea fimbo, jasho likimtoka.

"Msalani ni nyuma ya jiko, mwanangu," alisema. "Huna haja ya kuaga."

Akavuta kiti, akakaa.